SOMO LA AFYA: Plastiki Tunayoinywa Bila Kujua, na Jinsi ya Kuipunguza Nyumbani

  Somo letu la leo linahusu kitu ambacho kila mmoja wetu anakitia mdomoni kila siku, nacho ni maji. Nawaomba mlisome taratibu mpaka mwisho, hasa wale wenye watoto wachanga.

Sababu ya kuandika somo hili ni hii. Wiki chache zilizopita, baada ya shughuli ya jumuiya yetu, dada mmoja mwenye mtoto wa miezi miwili alinivuta pembeni. Mkononi alikuwa na mkataba wa kununua mashine ya kusafisha maji kwa dola 1,900, alipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Muuzaji alimfuata mpaka nyumbani. Alikinga maji ya bomba kwenye glasi, akadondoshea dawa, na maji yakageuka njano. Kisha akamwambia, "Unaona? Hiyo ndiyo plastiki anayokunywa mwanao."

"Kaka," akaniuliza, "nitie sahihi?"

Nilimuuliza kwanza anatumia maji gani kwa sasa. Akasema maji ya bomba hayagusi kabisa tangu afike nchi hii. Kila Jumamosi hununua katoni za maji ya chupa. Maziwa ya mtoto huyatengeneza kwa maji ya moto sana ndani ya chupa ya plastiki, huyatikisa kwa nguvu, na yakipoa huirudisha chupa hiyo hiyo kwenye maikrowevu.

Ndugu zangu, dada huyu anampenda mwanawe na kila alichofanya alikifanya kwa nia ya kumlinda. Lakini plastiki aliyokuwa akiiogopa kwenye bomba, sehemu kubwa alikuwa akiinunua dukani na kuipasha moto mwenyewe. Wengi wetu tuko hivyo hivyo. Basi tuanze.

1. CHEMBE HIZI NI NINI?

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Inapopigwa na jua, kusuguliwa au kupashwa moto, inavunjika vipande vidogo, na vipande hivyo vinavunjika tena na tena. Kipande chochote cha plastiki kilicho chini ya milimita 5, yaani karibu sawa na punje ya choroko, wataalamu wanakiita maikroplastiki. Jina hili lilipata umaarufu mwaka 2004, baada ya Richard Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kuandika juu ya vipande vidogo vya plastiki walivyovikuta baharini na kwenye mchanga wa pwani.

Zipo pia chembe ndogo zaidi, zilizo chini ya mikromita 1, ambazo huitwa nanoplastiki. Ili upate picha, unywele mmoja wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kwa hiyo hata ukiinua glasi juani ukaitazama kwa makini, hutaona kitu. Maji yanaweza kuwa meupe pepepe na chembe zikawemo.

Hapa ndipo tunapomkamata yule muuzaji. Hakuna dawa ya kudondoshea kwenye glasi inayoonyesha chembe hizi. Kuzihesabu kunahitaji maabara, darubini maalumu na mwanga wa leza. Ipo dawa ambayo hugeuka njano ikikutana na klorini, na klorini hutiwa kwenye maji ya bomba makusudi ili kuua vijidudu. Maji yakigeuka njano kwa dawa hiyo, maana yake ni kwamba yametiwa klorini. Plastiki haihusiki hapo.

2. ZINAINGIAJE KWENYE MAJI?

Njia ni nyingi, lakini kubwa ni hizi:

(a) Nguo. Poliesta, nailoni na akriliki ni plastiki iliyosokotwa kuwa nyuzi. Mwaka 2016 watafiti wa Plymouth walikadiria kwamba mashine iliyojazwa kilo 6 za nguo inaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufua mara moja tu.

(b) Matairi ya magari. Yakisagika barabarani, vumbi lake husombwa na mvua hadi mitoni.

(c) Taka. Mifuko, chupa na vifungashio vilivyotupwa huvunjika vikiwa mitoni, ziwani na baharini.

(d) Vyombo tunavyotumia. Chupa ya maji, kizibo chake, jagi, birika la umeme la plastiki na chupa ya mtoto vyote hutoa chembe, na hutoa zaidi vikipata joto au vikisuguliwa.

Hata nyumbani kwetu Afrika Mashariki zimefika. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuwachunguza sangara na sato wa Ziwa Viktoria walionunuliwa Mwanza. Kwa kila aina, samaki 1 kati ya 5 alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Basi lisidhaniwe kuwa jambo la Ulaya na Marekani peke yake.

3. BOMBA AU CHUPA?

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo maji ya bomba hayakuaminika. Mwenye uwezo alinunua maji ya chupa, na asiye na uwezo alichemsha. Tumehama na imani hiyo ndani ya mabegi yetu, na tukifika ugenini tunaendelea kubeba katoni kupanda nazo ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Ni desturi iliyotulinda na kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo siicheki. Lakini kwa suala la plastiki, chupa haikusaidii.

Mwaka 2018 maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Fredonia, ikiongozwa na Sherri Mason, ilipima chupa 259 za maji za kampuni 11, zilizonunuliwa katika nchi 9. Asilimia 93 zilikuwa na chembe za plastiki. Kisha mwezi Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakitumia njia ya leza inayoona chembe ndogo zaidi, walipima maji ya chupa ya kampuni tatu zinazouza Marekani. Walikuta wastani wa chembe kama 240,000 katika lita moja, na tisa katika kila kumi zilikuwa nanoplastiki.

Chembe hizo hutoka wapi? Baadhi hutoka kwenye chupa yenyewe ikibinywa au kupata joto, nyingine kwenye kizibo kikifunguliwa na kufungwa, na nyingine hata kwenye vichujio vya plastiki vya kiwandani. Yaani kiwanda huchuja maji, kisha huyafunga ndani ya plastiki.

Maji ya bomba nayo yanazo, hatukatai. Hata hivyo mitambo ya maji ikifanya kazi vizuri, kwa kugandisha uchafu, kuutuliza chini na kuyapitisha maji kwenye mchanga, huondoa sehemu kubwa ya chembe kabla maji hayajafika kwako. Hivyo basi, kama unaishi mahali ambapo maji ya bomba yanapimwa na yametangazwa kuwa salama, kuacha bomba na kukimbilia chupa kwa ajili ya kukwepa plastiki ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Na fedha je? Familia ya watu wanne, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, inahitaji lita 8. Hizo ni chupa 16 za nusu lita kila siku, yaani 480 kwa mwezi. Piga hesabu kwa bei ya duka lako. Ni fedha ngapi zingetumwa kwa mama nyumbani?

4. JE, ZINADHURU?

Hapa naomba tuwe wakweli, kwa sababu wapo wanaosema hakuna kitu na wapo wanaosema utakufa kesho. Wote wawili wanakosea.

Tunachokijua ni kwamba zinaingia mwilini. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta maikroplastiki katika makondo ya nyuma ya wanawake 4 kati ya 6 waliochunguzwa. Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walikuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22. Mwezi Machi 2024 madaktari wa Italia waliandika katika jarida la The New England Journal of Medicine juu ya wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa utando wa mafuta kwenye mishipa ya shingo. Kwa wagonjwa 150 utando huo ulikuwa na plastiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliokuwa na plastiki walionekana kuwa na hatari ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufariki iliyo mara 4.5 ya wenzao.

Hiyo ni habari nzito. Lakini utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Isitoshe, kupima chembe ndogo namna hii ni kazi ngumu, maana hata hewa ya maabara na glavu za mpimaji vina plastiki, na wanasayansi bado wanabishana juu ya baadhi ya vipimo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya maji ya kunywa mwezi Agosti 2019. Lilisema kwamba kwa ushahidi uliokuwapo, chembe hizi katika maji hazikuonekana kuwa tishio kwa kiwango kilichopo, ila utafiti zaidi unahitajika na plastiki ipunguzwe. Lilisema pia kwamba chembe zinazozidi mikromita 150 huenda zisifyonzwe na mwili, hutoka na choo. Zinazotia wasiwasi zaidi ni zile ndogo sana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usiogope glasi ya maji, wala usiache kunywa maji. Kukosa maji mwilini kunadhuru figo leo hii, hilo halina mjadala. Lakini pale ambapo unaweza kupunguza plastiki kwa gharama ndogo, punguza.

5. NJIA ZA KUPUNGUZA, KUANZIA RAHISI

(a) Tenganisha plastiki na joto.

Hii ndiyo njia ya kwanza na haina gharama kubwa. Usipashe chakula wala kinywaji ndani ya plastiki kwenye maikrowevu. Usimimine maji yanayochemka au chai kwenye kikombe au jagi la plastiki. Usiache chupa za maji ndani ya gari juani. Tumia kioo, udongo uliochomwa au stenlesi. Birika la umeme likichakaa, nunua lenye ndani ya stenlesi au kioo.

Na chai yetu? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichemsha vifuko vya chai vilivyotengenezwa kwa plastiki, wakasema kifuko kimoja hutoa mabilioni ya chembe. Baadhi ya wataalamu waliona idadi hiyo imezidishwa, lakini funzo linabaki lile lile. Majani ya chai ndani ya sufuria, iliki na tangawizi, kisha chujio la chuma, kama tulivyofundishwa na mama zetu, ni bora kuliko kifuko cha plastiki.

Maneno "haina BPA" kwenye chombo yasikudanganye. Maana yake ni kwamba kemikali hiyo moja haimo. Chombo bado ni plastiki na bado kinatoa chembe.

(b) Chemsha, tuliza, chuja.

Hii itawafurahisha wazee wetu. Mwezi Februari 2024 watafiti wa Guangzhou, China, walichapisha jaribio rahisi sana. Walichemsha maji ya bomba yaliyotiwa chembe za plastiki kwa dakika 5, wakayaacha yapoe, kisha wakayachuja. Katika maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, takriban asilimia 80 mpaka 90 ya chembe ziliondoka. Katika maji laini, yenye chokaa kidogo, ziliondoka kama asilimia 25 tu.

Sababu yake ni nini? Maji magumu yakichemka, chokaa iliyoyeyuka ndani yake huganda. Ndiyo ile weupe mgumu unaouona ukishika ndani ya birika. Inapoganda hunasa chembe za plastiki na kuzifunga ndani yake, kisha hutua chini.

Utajuaje kama maji yako ni magumu? Tazama birika lako. Kama linashika weupe haraka na sabuni haitoi povu kwa urahisi, maji ni magumu. London na kusini mashariki mwa Uingereza maji ni magumu, lakini Glasgow na Manchester ni laini. Kampuni ya maji ya eneo lako itakuambia ukiuliza.

Fanya hivi:

- Kinga maji ya BARIDI ya bomba kwenye sufuria ya stenlesi. Maji ya moto ya bomba yasitumike kwa kunywa.
- Yakianza kuchemka hesabu dakika 5. Birika la umeme hujizima lenyewe mapema, ndiyo maana tunatumia sufuria.
- Funika, acha yapoe bila kutikisa, ili weupe utue chini.
- Yamimine polepole kupitia karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Yale ya chini kabisa yamwage.
- Hifadhi kwenye jagi la kioo au stenlesi lenye mfuniko, ndani ya friji.

Wengi tunakumbuka sufuria ya maji iliyochemshwa usiku, kitambaa cheupe, na mtungi wa udongo kwenye kona yenye kivuli. Walifanya kwa ajili ya vijidudu, na hakuna aliyefikiria plastiki. Sasa desturi ile imepata kazi ya pili.

TAHADHARI: kama nyumba yako ni ya zamani na ina mabomba ya madini ya risasi, kuchemsha hakuondoi risasi, bali huizidisha kwa sababu maji hupungua na risasi hubaki. Wenye nyumba kongwe, hasa Marekani na Uingereza, ombeni kampuni ya maji au idara ya afya ya mji iwapimie.

(c) Vichujio.

Vichujio haviko sawa. La muhimu ni ukubwa wa tundu.

Osmosisi ya kinyume, mashine zinazoandikwa RO: maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba hata chumvi huzuiwa. Kwa plastiki hii ndiyo imara kuliko zote. Hasara zake ni bei, kumwaga maji kiasi kama taka, na kuondoa pia madini na floraidi.

Kichujio cha nyuzi tundu: vitundu vyake ni chini ya mikromita 1, vingine chini ya 0.1. Huzuia maikroplastiki na bakteria, lakini nanoplastiki zilizo ndogo sana zinaweza kupita. Bei yake ni nafuu kuliko RO.

Jagi lenye kichujio cha mkaa maalumu: kazi yake ya asili ni kupunguza klorini na kuboresha ladha. Mengine yamepimwa kwa plastiki, mengine hayakupimwa. Usikisie, soma boksi.

Wa Marekani na Kanada, tafuteni alama ya NSF. Kwa mashine za RO tafuta namba 58. Kiwango namba 401 kina kipimo cha maikroplastiki, lakini si kila kichujio chenye namba hiyo kimepimwa kwa kila kitu, hivyo hakikisha neno "microplastics" limeandikwa kwenye orodha ya vilivyopimwa. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha cheti, mwambie asante, kwaheri.

Na kichujio chochote kisipobadilishwa kwa wakati huwa nyumba ya bakteria. Kabla hujanunua uliza bei ya kichujio cha kubadilishia na ni kila baada ya miezi mingapi. Wengi hununua mashine na kushindwa kuitunza.

(d) Visivyosaidia.

Klorini, vidonge vya kusafishia maji na taa za mwanga wa urujuanimno huua vijidudu na ni vizuri kwa kazi hiyo. Lakini haviondoi plastiki hata kidogo. Kugandisha maji kwenye friji nako hakuondoi.

6. MTOTO WA CHUPA

Wazazi, sehemu hii msiiruke. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walipima chupa za watoto zilizotengenezwa kwa polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya chupa nyingi za watoto. Zilipotumika kwa kutengeneza maziwa kama inavyoelekezwa, zilitoa chembe hadi milioni 16 katika lita moja. Maji yalipokuwa ya moto zaidi, chembe ziliongezeka.

Sasa, mtu atasema basi nitatumia maji ya baridi. LA HASHA! Maziwa ya unga si lazima yawe hayana vijidudu, na maji yenye nyuzi joto 70 au zaidi ndiyo yanayoviua. Kwa mtoto mchanga vijidudu ni hatari ya leo, plastiki ni wasiwasi wa baadaye. Tunataka kuepuka vyote viwili, na njia ipo:

- Chemsha maji kwenye chombo kisicho cha plastiki. Yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, ili yabaki na nyuzi joto 70.
- Koroga maziwa ndani ya chombo cha kioo au stenlesi kilichochemshwa, SI ndani ya chupa ya plastiki. Fuata kipimo cha kopo.
- Kipooze chombo hicho ndani ya bakuli la maji ya baridi.
- Chupa ya mtoto ikishachemshwa kuua vijidudu, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.
- Maziwa yakiwa vuguvugu au yamepoa kabisa, yahamishie kwenye chupa. Mpe mtoto mara moja, na yaliyobaki yamwage.
- Usirudishe chupa kwenye maikrowevu. Mbali na plastiki, hupasha kwa namna isiyo sawa na mtoto huweza kuungua mdomo.

Chupa za kioo zipo madukani na zinapunguza usumbufu huu wote, ila angalia zisivunjike. Na msitumie maji ya chupa ya dukani kwa maziwa ya mtoto mkidhani ni safi zaidi. Maji hayo nayo yana vijidudu, hivyo lazima yachemshwe kama ya bomba, na mengine yana chumvi nyingi kwa mtoto.

Kwa mama anayenyonyesha: ENDELEA. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya habari za plastiki.

7. NDUGU ZETU WA MUSCAT, DUBAI NA GHUBA KWA JUMLA

Maji ya bomba huko kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Kwa kawaida hayana chokaa nyingi, kwa hiyo njia ya kuchemsha na kuchuja haitawasaidia sana kwa plastiki. Angalieni zaidi mambo matatu. Kwanza, tangi la juu ya paa, lifunikwe vizuri, lipate kivuli na lisafishwe kwa ratiba. Pili, yale magaloni makubwa ya maji, msiyakubali yakiwa yameanikwa juani nje ya duka, na yakifika nyumbani yawekwe mahali pa baridi. Tatu, msinywe chupa iliyoshinda ndani ya gari wakati wa kiangazi. Kama mna uwezo, RO ya jikoni inafaa, kwa sharti la kubadilisha vichujio.

8. TUKIPIGA SIMU NYUMBANI

Hili nalitilia mkazo. Ukishasoma somo hili usimpigie bibi Kigoma au Mombasa ukamwambia aache maji ya chupa au aache ndoo yake ya plastiki. Mahali ambapo maji si salama, kipindupindu na kuhara vinaua kwa siku chache. Kuchemsha na kutia dawa ya maji kunakuja kwanza. Chupa iliyofungwa vizuri ni bora mara mia kuliko maji ya kisima kisichojulikana, na wewe pia ukienda likizo fuata hivyo hivyo. Ukitaka kumsaidia, mtumie fedha za sufuria kubwa yenye mfuniko.

Nyumbani pia wamechukua hatua ambazo nchi nyingi tajiri zilichelewa kuzichukua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Plastiki isiyotupwa haiwezi kufika kwenye glasi ya mtu.

9. MUHTASARI WA KUBANDIKA KWENYE FRIJI

- Bomba lililo salama ni bora kuliko chupa ya plastiki.
- Plastiki na joto visikutane.
- Maji magumu: chemsha dakika 5, tuliza, chuja.
- Kichujio kiwe na cheti na kibadilishwe kwa wakati.
- Maziwa ya mtoto yachanganywe kwenye kioo au stenlesi.
- Vijidudu kwanza, plastiki baadaye.

Na yule dada? Hakutia sahihi. Tulikaa naye mezani, tukapiga simu kampuni ya maji ya mji wake. Wakamwambia maji yake ni magumu, na wakampelekea matokeo ya vipimo bure kwa barua. Alinunua sufuria moja ya stenlesi, jagi la kioo na chupa mbili za kioo za mtoto. Vyote pamoja havikufika hata sehemu ndogo ya zile dola 1,900. Juzi aliniambia kwamba mumewe ameshukuru kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akibeba katoni kila Jumamosi.

Somo hili ni la elimu ya jumla, halichukui nafasi ya daktari wako. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kinga dhaifu au mwenye mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, azungumze na daktari kabla ya kubadilisha maji anayotumia. Na kama unaye jirani mgeni, asiyesoma lugha ya nchi mliyomo na anayefunguliwa mlango na wauzaji kila wiki, mpitishie somo hili.